Ijumaa za Kunyamazia Keki

Nikikuna ganda la limau juu ya sukari, hata leo, sauti yangu hushuka yenyewe. Watoto wangu hunicheka. Wanasema mama akioka keki huongea kama mtu aliyechelewa kanisani na bado anatafuta mahali pa kukaa. Wacha wacheke. Wao wamezaliwa wakakuta oveni yenye taa ndani, wanaitazama keki ikipanda kama wanaotazama televisheni. Sisi wa rika letu tuliilea keki gizani, ndani ya sufuria iliyokaa kwenye sufuria kubwa zaidi yenye mchanga, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, na kilichokuwa kikiendelea humo tulikijua kwa pua tu.

Kwetu ni Nyansiongo, upande wa Borabu, kwenye yale mashamba mapana ya majani chai na mahindi. Asubuhi ukungu hukalia chai mpaka ng'ombe wote wamalize kukamuliwa, na alasiri, karibu kila siku, mvua hushuka kutoka upande wa ziwa. Nikiufikiria utoto wangu huwa nauona katika nafasi ile ya katikati, ukungu umeondoka na mvua haijafika, mwanga wa jua ukiwa mwembamba na wa manjano kama kiini cha yai. Na siku huwa ni Ijumaa.

Kwetu sisi Wasabato Ijumaa ni siku ya maandalizi. Shule ilituachilia saa sita, mimi na dada yangu Kemunto, tukarudi nyumbani tukijua kazi zinatungoja: sakafu ipigwe deki, kuni ziingizwe ndani, nguo za kanisani zipigwe pasi, chakula cha kesho kipikwe chote kabla jua halijazama. Jua likizama, moto wa kupikia unakufa na haufufuki mpaka Jumamosi jioni. Hilo halikuwa na mjadala nyumbani kwa Magokoro. Hivyo ndivyo tulivyomwita nyanya, mama yake baba, na msimu ninaousimulia tulikuwa tumehamia kwake, kwa sababu baba alikuwa kazini mbali na mama alikuwa amelala.

Amelala, ndivyo tulivyoambiwa. Alikuwa mwalimu, mama yangu, mtu wa kutembea haraka na chaki kwenye vidole, kisha siku moja akaacha kwenda shuleni na akalala kwenye chumba cha nyuma cha Magokoro, miguu juu ya mto. "Mgongo unamuuma," Magokoro alisema. Sisi tukaamini. Mgongo ni kitu ambacho watu wazima wote huwa nacho.

Jikoni kwa Magokoro hapakuwa kibanda cha peke yake kama kwa majirani. Kilikuwa chumba cha mwisho cha nyumba, na kati yake na chumba alicholala mama palikuwa na ukuta wa mbao na mlango usiofunga vizuri. Hapo ndipo keki ilipookwa kila Ijumaa. Magokoro alikuwa amefundishwa na akina mama wa kanisani, keki ya sponji, ile ya mayai, sukari na unga basi, haina siagi wala baking pauda. Wiki nzima alikuwa akiokota mayai na kuyafukia ndani ya chombo cha wimbi ili yabaki baridi. Ijumaa aliyachimbua moja moja, akilitikisa kila moja karibu na sikio lake.

Kazi ya kupiga mayai ilikuwa yetu. Bakuli la bati katikati, mimi na Kemunto tukipokezana uma, sukari na ganda la limau vikiwa ndani, tukapiga mpaka mkono unaacha kuwa wetu. Haraka haraka haina baraka, Magokoro alisema, lakini pole pole nayo ilimuudhi. Rangi ya chungwa ilipauka ikawa ya manjano, ya manjano ikawa ya maziwa, na ule mchanganyiko ukafura ukajaa bakuli. Magokoro alichovya uma, akauinua, akachora duara juu yake kwa matone. Duara likizama, tunaendelea. Likikaa, tumemaliza. Kisha alitia unga kwa mkono wake mwenyewe, akiukunja taratibu kama mtu anayemfunika mtoto aliyekwisha kulala.

"Sasa ni hewa tupu hii," alituambia wakati wa kuiingiza kwenye mchanga. "Hewa haipendi kelele. Mtu akipiga kelele inatoroka, keki inaanguka, na Sabato mtakula kitu kama kandambili."

Basi tukatulia tuli kama maji ya mtungi. Tulilala kifudifudi juu ya gunia, mimi na Kemunto, nyuso zetu karibu na jiko, tukiutazama mstari mwekundu wa makaa chini ya kifuniko. Harufu ilianza na mchanga uliochomeka, ikaja ile ya karatasi iliyopakwa mafuta, halafu, ghafla, limau na mayai na sukari vikawa kitu kimoja kisicho na jina. Kuku walitembea mlangoni kwa adabu. Sijui kama nilikuwa nalala au niko macho. Mara nyingi nadhani nilikuwa katikati, na nimeishi miaka mingi nikijaribu kurudi pale katikati.

Saa hiyo hiyo, kila Ijumaa, alikuja Sista Akoth.

Sista alikuwa nesi wa zahanati. Kwao ni kule karibu na ziwa, na kila Ijumaa alipomaliza kazi alikata njia kupitia shambani kwetu akielekea barabarani kutafuta gari la nyumbani. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, lakini akifika mlango wa nyuma sauti hiyo aliiacha nje pamoja na viatu vyake vya matope. Kwa kuwa hakujua Ekegusii, lugha yetu, kwake tuliongea Kiswahili. Ndiye mtu wa kwanza niliyemsikia akikiongea bila kuwa mwalimu.

"Hamjambo wapishi," alinong'ona. "Imeingia?"

"Imeingia saa hii," Magokoro alijibu. Kiswahili cha Magokoro kilikuwa cha sokoni, cha kuokoteza. "Nyumba yote imenyamaza. Wewe pita."

Sista alipita chumbani kwa mama na mlango ukarudishwa. Alikaa humo muda. Akitoka, keki nayo ilikuwa karibu kutoka. Magokoro alichoma kijiti cha ufagio katikati, akakitazama kwenye mwanga, akaipindua. Sista alikula kipande akiwa amesimama, akafungiwa kingine kwenye karatasi, akaenda zake. Mama Bosibori, jirani yetu, ambaye ua wake ulikuwa na macho, hakuacha kulisema. "Huyu sista wenu anapenda keki kweli. Kila Ijumaa hakosi."

"Kwao ni samaki tu," Magokoro alimjibu. "Mwache aonje kitu kingine."

Mimi nilikuwa na maelezo yangu, na niliyaamini kuliko mistari ya kukariri. Niliamini Sista Akoth ni mkaguzi wa keki. Shuleni wakaguzi walikuja na mikoba, walimu wakanong'ona, darasa likanyamaza. Na huyu alikuja na mkoba, Magokoro akanong'ona, nyumba ikanyamaza. Tena siku moja mkoba wake ulikuwa wazi, nikaona ndani kitu cha mbao kama tarumbeta fupi, mdomo mpana upande mmoja. Nilijua hapo hapo kazi yake. Ni cha kusikiliza kama keki imeiva ndani bila kuifunua. Kwamba aliingia nacho chumbani kwa mama badala ya kukileta jikoni halikunisumbua. Ukuta ni wa mbao, nilijiambia, atasikia tu.

Ijumaa iliyofuata nilikata jani la boga nikaling'oa bua lake, ambalo ndani ni tupu kama mrija. Kemunto alipolala usingizi juu ya gunia, niliweka ncha moja karibu na sufuria na nyingine sikioni. Nikasikia. Nawaapia nilisikia: sauti ndogo sana, kama mtu anayekanyaga majani makavu mbali, inakuja, inakoma, inakuja. Keki ya sponji ambayo haijaiva hunong'ona hivyo, vipovu vyake vikipasuka, sasa najua. Wakati ule nilijua kitu kingine. Nilijua ina uhai, na kwamba uhai huo umewekwa mikononi mwetu, mimi na Kemunto, tusikohoe.

Ukweli nimeupata juzi juzi tu, na nimeupata kwa sababu ya kelele.

Naishi Nyanchwa sasa, kwenye kilima juu ya mji wa Kisii. Ijumaa hiyo nilikuwa nimeiweka sponji kwenye oveni, na wanangu wakaanza vita vya mito sebuleni. Waliruka kutoka kwenye kochi hadi sakafuni, vikombe vikagongana kabatini. Niliwafokea, niliwaomba, mwishowe nikafumba macho nikingoja iporomoke. Haikuporomoka. Ilitoka imesimama juu ya chombo chake, imara, ya dhahabu, haijali chochote. Niliikodolea macho kama mtu aliyedanganywa na mchungaji. Nikachukua simu nikampigia mama, ambaye siku hizi anaishi kwenye nyumba ile ile ya Magokoro. Magokoro mwenyewe tulimzika zamani kidogo, kando ya migomba.

"Mama," nikamwambia, "watoto wameruka nyumba nzima keki ikiwa motoni, na haikuanguka."

"Kwani nani alikuambia kelele huangusha keki?"

"Magokoro."

"Ehe. Magokoro." Nilimsikia akivuta kiti. "Moraa, uko peke yako hapo?"

Waswahili husema mficha uchi hazai. Kwetu ilikuwa kinyume: aliyetaka kuzaa alificha. Mimba haikutangazwa wala kuulizwa, macho ya watu ni mengi na si yote yanayokutakia mema, na mwanamke aliyewahi kupoteza alificha mara mbili zaidi. Hata siku hiyo kwenye simu, mama yangu, mtu mzima mwenye wajukuu, hakulitaja hilo neno. Alisema "wakati ule nilipokuwa nimelala". Alisema, "Kabla yake walikuwa wawili, unajua."

Nilijua bila kujua. Nilikumbuka mara mbili alizokwenda hospitalini na begi la bluu, na mara mbili alizorudi na begi lile lile, na vile vishali vidogo vikirudishwa sandukuni mwa Magokoro bila mtu kusema kitu. Nilikuwa nimefikiri wamevikopesha hospitali, hospitali ikavikataa.

Kwa huyu wa tatu, mama aliendelea, daktari alimwambia alale, na Sista Akoth akajitolea kupita kila Ijumaa kusikiliza moyo wa mtoto kwa ile pembe yake ya mbao. "Alisema kamoyo kenyewe ni kadogo, ni kama saa iliyoviringishwa ndani ya blanketi. Mtu akipiga kelele nje, anakapoteza. Na nyinyi mlikuwa kelele tupu."

"Si mngetuambia tu tunyamaze?"

"Tuliwaambia. Mliwahi kunyamaza?" Akacheka. "Ni keki iliyowaweza. Na Mama Bosibori naye ikamziba mdomo. Nesi akija kwa mgonjwa kila wiki, watu wanauliza. Nesi akija kula keki, wanacheka tu. Magokoro alifikiria mambo hayo yote akichambua mboga."

Nikakumbuka kitu ambacho sikuwahi kukipa maana. Magokoro hakuwa akila keki ile. Alisema ni kula hewa. Alipenda viazi vitamu na wimbi, vitu vinavyokaa tumboni, na kipande chake alitugawia sisi. Mayai yake ya wiki nzima, makaa yake, mchanga alioupepeta mwenyewe, vyote kwa kitu asichokipenda mdomoni. Usione vyaelea, vimeundwa.

Tangu simu ile nimekuwa nikirudi kwenye Ijumaa moja ambayo zamani niliijua kama Ijumaa ya keki iliyoungua. Sasa naiona kwa macho mawili, jicho la yule mtoto juu ya gunia na jicho hili langu, na sitaki kuliacha hata moja.

Siku hiyo keki ilikuwa imeingia motoni, Sista amepita chumbani, nasi tumenyamaza. Mvua haikutupigia hodi. Ilianguka yote kwa pamoja juu ya mabati, kama mtu aliyemwaga gunia la mahindi, na ikaendelea kumwaga. Kemunto alisema kitu nisichokisikia, midomo yake tu ikicheza. Mimi niliruka moja kwa moja kwenye bua langu la boga. Nikaliweka kwenye sufuria, nikabana sikio jingine kwa kiganja. Hamna. Keki yangu ilikuwa kimya, au mvua imeimeza, na sikuweza kujua ni lipi.

Mlango wa chumba ulikuwa umefunguka kwa upepo. Nilimwona Sista ameinama juu ya kitanda, kichwa kimelala kama anayelala usingizi juu ya tumbo la mama. Akainuka, akahamisha kitu, akainama tena. Magokoro alikuwa amesimama mlangoni, leso imekazwa kifuani. Walilazimika kupaza sauti ili kuishinda mvua, ndiyo maana nilisikia.

"Sisikii," Sista alisema.

"Husikii sababu ya mvua," Magokoro akauliza, "ama husikii kabisa?"

"Sijui, mama. Wacha mvua ikatike."

Nilijua wanasema kuhusu keki. Nani angeniambia vingine? Mkaguzi hasikii, mimi sisikii, imekufa humo ndani. Sikujua kwamba tangu asubuhi mama alikuwa hajahisi mtoto akicheza, kwamba alikuwa amelala pale akihesabu pumzi zake mwenyewe. Ameniambia juzi. "Nilikuwa nimekwisha kuanza kumuaga," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Mvua haikukatika. Mwanga wa mlangoni ulitoka kwenye kijivu ukawa wa bluu. Gari la Sista lilikuwa limekwenda zamani na hakuna aliyelitaja. Na hapo likatokea jambo lililonitisha kuliko mvua: jua lilikuwa limezama, au lilikuwa linazama nyuma ya mawingu yale, na moto wetu ulikuwa ungali unawaka. Magokoro, aliyewahi kuumwagia moto maji na ugali haujaiva ili asiivunje Sabato, hakugeuka hata kutazama. Harufu ya limau ilikuwa imepita, imekuja ya kuungua. Nilimvuta nguo.

"Magokoro, jua limezama. Keki bado iko motoni."

"Wacha," alisema. Hakunitazama. Aliuweka mkono wake juu ya kichwa changu ukabaki hapo, mzito.

Sijui ilichukua muda gani. Mvua za kwetu hazimalizi ghafla; hujiondoa upande wa mashambani, kisha kwenye migomba, mwishowe paa lenyewe linabaki na matone ya mwisho, moja hapa, moja kule. Tukasikiliza tone baada ya tone. Sista aliinama kwa mara nyingine. Hapakuwa na mtu aliyevuta pumzi katika nyumba ile, hata kuku. Nimewahi kukaa makanisani, na kando ya makaburi, na sijawahi kukisikia tena kimya cha namna ile.

Kisha nikaona kidole cha Sista. Alikuwa hajainua kichwa, uso wake umegeukia ukutani, lakini mkono wake ulikuwa juu ya blanketi, na kidole kikaanza kugonga. Haraka haraka, kidogo kidogo, tik tik tik tik. Aliendelea kugonga ili wao nao waone anachokisikia. Mama alikuwa akikitazama kile kidole. Magokoro alikitazama, akakitazama, halafu akakaa chini sakafuni pale mlangoni, akajifunika uso kwa leso, akalia.

Sikuwahi kumwona akilia. Kwa yule mtoto maana ilikuwa moja tu: mkaguzi ametoa hukumu na keki imeanguka. Nilikimbia jikoni, nikasukuma kifuniko kwa kipande cha kuni, majivu yakaruka. Nikachungulia. Ilikuwa nyeusi pembeni, inatoa moshi, lakini katikati imesimama, imefura, ina ufa juu kama tabasamu. Nikarudi mbio mpaka kwa Magokoro nikamtoa leso usoni kwa mikono yangu miwili.

"Usilie, Magokoro," nikamwambia. "Haijaanguka."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa mekundu kama makaa, na nilifikiri atanipiga kwa kufungua kifuniko. "Haijaanguka," alirudia taratibu. Akamgeukia mama, akasema tena, sasa kwa nguvu, "Haijaanguka." Na wote watatu, Magokoro na mama na Sista ambaye hakujua Ekegusii lakini alielewa, wakaanza kucheka huku machozi yakiwatoka, kicheko kirefu kisichoisha, mpaka mimi na Kemunto tukacheka nao bila kujua kwa nini.

Tuliila chumbani kwa mama, Sabato ikiwa imeshaingia, tukikwangua weusi kwa kisu. Sista alilala kwetu. Mama aliketi akiegemea ukuta na kula vipande viwili. Na Magokoro naye alikula, makombo yakimwangukia kifuani. Ndiyo siku pekee niliyowahi kumwona akila keki.

Mtoto alizaliwa mvua za vuli zilipoanza, mvulana, na kwa kelele alizokuja nazo watu walisema amefidia kimya cha nyumba nzima. Wakamwita Nyakundi. Sasa ni baba wa watu, anasafirisha maziwa, na kanisani anaimba besi ya kutikisa madirisha. Akiingia nyumbani kwangu majirani wanajua. Magokoro aliendelea kuoka kila Ijumaa baada ya kuzaliwa kwake, na sheria ikabaki pale pale, kwa hiyo hata Nyakundi alilelewa akinyamazia keki kama sisi. Nadhani Magokoro aliogopa kuiondoa. Au pengine aliupenda ule ukimya, baada ya yote.

Nilimuuliza mama kama Nyakundi anajua. "Nitaanzia wapi kumwambia mtoto wa kiume mambo hayo?" alisema. "Mwambie wewe."

Ijumaa iliyopita Nyakundi alikuja kulala kwangu ili twende kanisani pamoja. Nilimsikia tangu getini, akitaniana na kijana wa boda boda, akiwaita watoto kwa majina ya kubuni, akicheka. Aliingia jikoni na mwili wake wote. Kisha akaona taa ya oveni inawaka, akasikia harufu ya limau, na jitu zima lile likasimama kwa ncha za vidole.

"Iko ndani?" alinong'ona.

"Iko ndani."

Alivuta kiti bila kukikwaruza sakafuni, akakaa taratibu, mikono juu ya magoti. Watoto walikuwa wakipiga kelele sebuleni na hakuna kilichoharibika. Alizisikiliza kelele hizo, akaitazama keki iliyosimama nyuma ya kioo, akaanza kutabasamu.

"Dada," alisema, bado kwa kunong'ona, "hebu niambie ukweli. Miaka hii yote kwetu tulikuwa tukimnyamazia nani?"

Nilimtazama. Shati lake lilikuwa limekaza kifuani, na chini ya kitambaa niliona kifua kikipanda na kushuka.

"Wewe," nikamwambia.